Nyuki Wanapopungua: Namna ya Kuirudishia Bustani ya Nyumbani Wachavushaji Wake

Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na likishafumba halifunguki tena. Katika saa hizo chache ni lazima mdudu atoke kwenye ua dume akiwa amebeba chavua, atue kwenye ua jike na kuiacha pale, la sivyo kile kitunda kidogo kilichokwisha kujitokeza chini ya ua hugeuka manjano, hulegea na kudondoka baada ya siku chache. Mwenye bustani anayeliona jambo hilo mara nyingi huongeza mbolea, hubadili saa za kumwagilia, au hununua dawa ya wadudu akidhani kuna kitu kinachokula matunda yake, na kwa kufanya hivyo huwamaliza hata wale wachavushaji wachache waliokuwa bado wakifika. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutambua kama kinachokosekana ni nyuki, na kisha jinsi ya kuwarudisha bila gharama kubwa na, kwa sababu nitakazozitoa, bila kununua mzinga.

Nyuki wepi wanaopungua

Ukitaja nyuki, wengi hufikiria mzinga, malkia na asali. Kumbe nyuki wa asali ni spishi chache tu kati ya zaidi ya 20,000 zilizokwisha kuelezwa na wataalamu, na wengi kati ya waliobaki hawaishi kwa makundi. Jike mmoja huchimba au hutafuta tundu lake, hulijaza chavua iliyochanganywa na mbochi, yaani ule umajimaji mtamu wa maua, hutaga yai juu ya akiba hiyo, huziba mlango na kwenda kuanza tundu jingine. Takriban asilimia 70 ya spishi za nyuki hutaga ardhini. Kwa kuwa hawana asali wala kundi la kulinda, ni nadra sana kumdunga mtu, isipokuwa wakishikwa au kukanyagwa.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Idadi ya mizinga inayofugwa duniani, ikihesabiwa kwa jumla, imepanda tangu miaka ya 1960, ingawa katika baadhi ya nchi imeshuka na wafugaji wamepata hasara nzito. Katika majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, wafugaji wengi wa Marekani walifungua mizinga wakamkuta malkia, mabuu na asali, huku nyuki watenda kazi wakiwa wametoweka. Nao utitiri uitwao Varroa destructor, ambao katika karne ya 20 ulihama kutoka kwa nyuki wa asali wa Asia na kumwingia nyuki wa asali aliyezoeleka kufugwa, bado unawasumbua wafugaji katika sehemu kubwa ya dunia. Hata hivyo mzinga ukifa, mfugaji anaweza kugawa kundi jingine lenye afya na kuujaza tena. Nyuki wa mwitu hana wa kumgawia. Uchambuzi wa kumbukumbu za makumbusho na watafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba spishi za nyuki zilizorekodiwa duniani kati ya 2006 na 2015 zilikuwa pungufu kwa kiasi cha robo zikilinganishwa na zile zilizokuwa zikirekodiwa kabla ya 1990. Mwaka 2017 Marekani ilimwingiza Bombus affinis, nyuki mkubwa mwenye manyoya aliyewahi kuwa wa kawaida kabisa, katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu zinazotajwa zinasaidiana kuua: ardhi yenye maua na viota inageuzwa mashamba ya zao moja au majengo, viuatilifu vinasambaa, magonjwa na vimelea vinahamishwa pamoja na nyuki wanaosafirishwa, na hali ya hewa inavuruga uwiano wa zamani kati ya siku ua linapochanua na siku nyuki wake anapotoka kiotani.

Kuhusu chakula, ni vyema kutumia takwimu kwa uangalifu. Tathmini ya jopo la kimataifa la bioanuwai, iliyotolewa mwaka 2016, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula hutegemea wanyama wachavushaji kwa kiasi fulani. Watu hulisoma hilo kana kwamba robo tatu ya chakula chote ingetoweka, jambo ambalo si kweli, kwa sababu mpunga, ngano na mahindi huchavushwa kwa upepo au hujichavusha, na nafaka hizo ndizo zinazojaza maghala. Ukipima kwa uzito, mazao yanayowategemea wachavushaji hutoa takriban asilimia 35 ya uzalishaji wa mazao duniani. Lakini bustani ya nyumbani haifanani na shamba la nafaka. Ndiyo hasa mahali pa maboga, matango, matikiti, matunda ya miti na mbegu za kuhifadhi, kwa hiyo upungufu ambao mkulima mkubwa wa ngano hauoni, mwenye bustani huuona kwenye kapu lake.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni uchavushaji

Kabla ya kubadili chochote bustanini, fanya jaribio hili kwenye boga, kwa kuwa maua yake ni makubwa na hayadanganyi. Amka mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, utafute ua dume, ambalo hukaa juu ya kikonyo chembamba kilichonyooka, na ua jike, ambalo lina kitunda kidogo cha duara au kirefu kwenye kitako chake. Chuma maua dume mawili au matatu yaliyofunguka siku hiyo, uyavue petali zake hadi kibaki kile kijiti cha katikati chenye unga wa manjano, kisha uukandamize unga huo taratibu kwenye ncha zote za katikati ya ua jike, ukizunguka pande zote. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo cha ua hilo ili ulitambue. Fanya hivyo kwa maua jike manne au matano na uyaache mengine bila kuyagusa.

Baada ya wiki moja, linganisha. Ikiwa vitunda vyenye uzi vinanenepa na vile visivyo na uzi vimedondoka, basi mmea una maji na rutuba ya kutosha na ulichokosa ni wachavushaji. Ikiwa vyote vimedondoka, usiwalaumu nyuki: tazama maji, joto kali, udongo, au uwezekano kwamba mmea bado mchanga na unakataa mzigo. Tango lililopinda, nene upande mmoja na lililosinyaa upande mwingine, mara nyingi nalo linaonyesha kwamba chavua iliyofika ilikuwa haba, kwa hiyo mbegu za upande mmoja tu ndizo zilizotungwa. Hilo halihusu matango ya aina zilizozalishwa mahsusi kuzaa bila kuchavushwa. Tikiti ndilo lenye madai makubwa zaidi, kwani ua moja huhitaji kutembelewa mara nyingi siku hiyo hiyo ndipo tunda lijae vizuri.

Yako mazao ambayo hayahusiki na jaribio hili. Maharage na njegere hujichavusha kabla hata ua halijafunguka vizuri, na mboga za majani hazihitaji nyuki mpaka utakapotaka mbegu zake. Nyanya na bilinganya zina tabia ya pekee: ua linaweza kujichavusha, lakini chavua imefungiwa ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo kwenye ncha, mithili ya kichupa cha chumvi, na hutoka kwa kutikiswa. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Wanaoijua ni baadhi ya nyuki wa mwitu, hasa wale wakubwa wenye manyoya na wale watoboa mbao, ambao huling'ang'ania ua, hutetemesha misuli ya kifua kwa mlio mzito unaosikika, na chavua huwamwagikia tumboni. Upepo husaidia, lakini mlio huo husaidia zaidi.

Hesabu wanaofika

Chagua siku tatu zenye jua na zisizo na upepo mkali, na kila siku ukae mbele ya kipande kile kile chenye maua kwa dakika kumi, saa ile ile, ukiandika kila mdudu anayetua. Hulazimiki kujua majina. Wagawe wadudu hao katika makundi manne: nyuki wa asali, nyuki wakubwa wenye manyoya au weusi watoboa mbao, nyuki wadogo wa kila namna, wakiwemo wenye mng'ao wa kijani au buluu, na wengine wote. Kundi la mwisho litakuwa na nzi wengi waliovaa mistari ya manjano na nyeusi wakijifanya nyuki. Utawatambua kwa kuwa wana mabawa mawili badala ya manne, vipapasio vifupi mno kichwani, macho makubwa yanayokaribia kufunika kichwa chote, na hupenda kuelea hewani mahali pamoja. Nao ni wachavushaji na mabuu ya aina nyingi miongoni mwao hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, kwa hiyo waandike kwa heshima yao.

Daftari hili ndilo litakalokuambia baadaye kama juhudi zako zimezaa kitu. Bila hesabu ya mwanzo, mtu huona nyuki watatu siku moja akafurahi, asione hata mmoja siku ya pili akakata tamaa, ilhali tofauti ilikuwa wingu tu.

Acha sumu kabla ya kupanda ua hata moja

Huenda msomaji alitarajia maua yatangulie. Nimeitanguliza sumu kwa makusudi, kwa kuwa bustani yenye maua mengi na dawa ndani yake ni mtego: inawaita nyuki kutoka mbali ili iwaue.

Dawa za kuogopwa zaidi ni zile zinazofyonzwa na mmea na kusambaa katika sehemu zake zote, kwa sababu huishia kwenye chavua na mbochi hata kama zilipakwa kwenye mbegu au kumwagwa kwenye udongo wiki nyingi kabla ya ua kuchanua. Kundi linalojulikana zaidi ni neonikotinoidi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya tatu miongoni mwake, yaani imidaklopridi, klothianidini na thiametoksamu, yasibaki ila ndani ya vitalu vya kudumu vilivyofungwa. Kipimo kidogo kisichomuua nyuki papo hapo kinaweza kumvurugia kumbukumbu akashindwa kurudi kiotani, na kwa nyuki aishiye peke yake, jike asiyerudi ni ukoo mzima uliokatika. Kwa hiyo soma maandishi madogo kwenye kibandiko cha dawa, na ununuapo miche au mbegu, uliza kama imetiwa dawa na ni dawa gani. Mbegu iliyopakwa dawa kwa kawaida hutiwa rangi isiyo ya asili, nyekundu, buluu au kijani, ili itambulike.

Dawa za unga nazo ni mbaya kwa namna yake, kwani chembe zake hushika kwenye manyoya ya nyuki kama chavua inavyoshika, naye huzibeba hadi kwa watoto wake. Viuagugu havimpigi nyuki moja kwa moja kwa kiwango hicho, lakini humnyang'anya chakula, kwa kuwa magugu mengi yanayofagiliwa ndiyo yanayochanua wakati mimea ya bustani imepumzika.

Basi ufanyeje na vidukari na viwavi? Vidukari vichache havihitaji kutibiwa. Waachie wadudu wanaovila wapate sababu ya kuja. Vikizidi, vipige kwa maji yenye nguvu kutoka kwenye mpira, au vikamue kwa vidole. Viwavi viokotwe kwa mkono jioni, na miche michanga ifunikwe kwa wavu mwembamba, ila wavu huo uondolewe mara mimea inayohitaji nyuki inapoanza kuchanua, kosa ambalo hata wazoefu hulifanya. Ikiwa hakuna njia nyingine ila kunyunyiza, nyunyizia magharibi baada ya nyuki kulala, siku isiyo na upepo, kwenye majani yaliyoathirika pekee, na kamwe si kwenye mmea wenye maua yaliyofunguka. Maji ya sabuni na dawa za mwarobaini haziwi salama kwa sababu tu zinaitwa za asili. Maji ya sabuni yakimwangukia nyuki yatamuua kama yanavyomuua kidukari.

Maua yasiyokatika

Nyuki mmoja mmoja huishi wiki chache akiwa mpevu, lakini spishi tofauti hutoka kwa zamu katika mwaka, na kila zamu inahitaji kukuta meza imeandaliwa. Kwa hiyo swali la msingi katika kuchagua mimea linahusu mpangilio: ni mwezi gani bustani haina hata ua moja? Chora kalenda ya miezi kumi na miwili, uandike chini ya kila mwezi kinachochanua kwako na kwenye kingo za karibu, kisha upande kwa ajili ya miezi iliyobaki wazi. Mimea ya asili ya eneo lako ipewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa baadhi ya nyuki hukusanya chavua kutoka jamii moja tu ya mimea na hawawezi kulea watoto kwa nyingine.

Panda kwa mafungu. Kipande cha mita moja mraba cha mmea wa aina moja humfaa nyuki kuliko mimea kumi ya aina hiyo iliyotawanywa, maana anapozoea ua fulani huenda kutoka ua hadi ua wa aina hiyo hiyo, na ndiyo sababu anachavusha vizuri. Mpe maua ya buluu, zambarau, manjano na meupe. Macho yake hayaioni rangi nyekundu kama tunavyoiona sisi, ingawa huona mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni, na maua mengi yana michirizi ya mwanga huo inayomwelekeza kwenye mbochi. Changanya pia maumbo: maua bapa na madogo kama ya giligilani na shamari huwafaa wenye ulimi mfupi, ilhali maua yenye koo refu huwafaa wenye ulimi mrefu.

Jihadhari na maua yaliyozalishwa yawe na petali nyingi zilizosongamana. Yanapendeza machoni, lakini petali hizo za ziada mara nyingi ni viungo vya chavua vilivyogeuzwa, na njia ya kufika kwenye mbochi imezibwa. Vivyo hivyo ziko alizeti za mapambo ambazo hazina chavua kabisa, zilizotengenezwa ili zisichafue vitambaa vya meza. Ukinunua mbegu za alizeti, hakikisha si hizo.

Njia rahisi kuliko zote haigharimu chochote: usivune kila kitu. Acha mirehani miwili, nanaa kidogo, vitunguu vitatu na shina moja la figili vichanue hadi mwisho. Mrehani uliochanua husheheni nyuki wadogo tangu asubuhi hadi jioni, na mbegu utakazopata ni faida ya juu. Ukiwa na nyasi, kata nusu wiki hii na nusu nyingine baada ya wiki mbili au tatu, ili vijiua vilivyojificha humo visifyekwe vyote kwa siku moja.

Mahali pa kulala

Nyuki mdogo huruka mita mia chache tu kutoka kiotani, tofauti na nyuki wa asali anayeweza kwenda kilomita kadhaa. Maua bila kiota karibu hayamsaidii, na hapa ndipo bustani nadhifu sana hushindwa. Chagua kipande cha ardhi kinachopata jua la asubuhi na kisichotuamisha maji, hata kama ni mita moja mraba, ukiache wazi: kisilimwe, kisitandazwe majani, kisifunikwe plastiki wala kokoto. Matandazo ni mazuri kwa mboga, lakini jike aliyebeba chavua hawezi kupenya tabaka nene la majani makavu. Mashina yenye uwazi au uboho laini yaache yamesimama baada ya kukatwa, kwa urefu wa sentimita 30 hivi, na gogo kavu liachwe liozee kwenye kona.

Ukitaka kutengeneza viota vya matundu, chukua kipande cha mbao ngumu, kavu na isiyopakwa dawa, utoboe matundu yenye upana wa milimita 3 hadi 10 na kina cha sentimita 10 hadi 15, bila kutokea upande wa pili, na usugue midomo yake kwa msasa kwa sababu vibanzi hurarua mabawa. Kifunge imara, kisiyumbe, kwenye kimo cha mita moja au zaidi, kikielekea jua la asubuhi, na kiwe na kipaa cha kuzuia mvua. Viwe vidogo kadhaa vilivyotawanywa. Zile nyumba kubwa za nyuki zinazouzwa kama mapambo, zenye mirija mia moja mahali pamoja, huwavutia nyigu wa vimelea, ukungu na utitiri, na mirija ya plastiki hukusanya unyevu unaoozesha mabuu. Kipande kikishatumika kwa msimu mmoja au miwili na wakazi wake wametoka, kibadilishe.

Maji yanahitaji maelezo machache: sahani isiyo na kina, mawe yanayojitokeza juu ya maji ili wadudu wasizame, na kubadilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu ili mbu wasipate muda wa kukua humo.

Kuhusu mzinga

Kufuga nyuki wa asali ni kazi njema kwa anayetaka asali na aliye tayari kujifunza. Ila mzinga mmoja una maelfu ya nyuki wanaokula kwenye maua yale yale wanayoyategemea nyuki wa mwitu, na unaweza kuwa chanzo cha magonjwa yanayowafikia. Katika eneo lenye maua haba, kuongeza mzinga ili kuokoa nyuki ni kama kuongeza kuku ili kuokoa ndege wa msituni. Kundi la nyuki wa asali likija kutua lenyewe kwenye mti wako, usilipige moshi wala dawa. Kaa mbali, waondoe watoto na mifugo, na umwite mfugaji nyuki.

Unachopaswa kutarajia

Watakaokuja kwanza, pengine ndani ya wiki chache baada ya mirehani kuchanua, ni nyuki wa asali na wale nzi wenye mistari, kwa sababu husafiri mbali. Nyuki wakatao majani huweza kufuata; utawajua kwa vipande vya duara vilivyokatwa safi kwenye kingo za majani ya waridi au mimea mingine yenye majani laini, ambavyo hutumia kuvifunika vyumba vya watoto wao. Mmea hauumii kwa hilo, na mtu anayekimbilia dawa kwa sababu ya vishimo hivyo anawaua wageni aliowaalika. Wachimbao ardhini ndio wa mwisho. Wengi wao huwa na kizazi kimoja tu kwa mwaka, kwa hiyo kile kipande ulichokiacha wazi kinaweza kuonekana kitupu msimu mzima, kisha msimu wa pili ukakuta vijilima vidogo vya udongo laini vyenye tundu katikati, kama kazi ya sisimizi lakini kila kimoja na mlango wake. Hata pasipoonekana kitu, watoto wa mwaka uliopita wanaweza kuwa wamelala sentimita chache chini, na jembe lisipite hapo.